Redio Iliyoimba Njombe Ikanyamaza Makambako

Ninapofunga redio ya mtu, napenda mifereji ya vichwa vya skrubu zote ielekee upande mmoja. Hakuna mteja anayeiona. Ziko chini ya kasha, zimefunikwa. Lakini nikijua iko moja iliyokaa mshazari, siku nzima inanikereketa kama mchanga kwenye kiatu. Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ndiye aliyenipa kona ya meza yake pale mtaani kwetu Ramadhani, mjini Njombe. Siku moja aliniona nikiifungua upya redio niliyokwisha kuifunga. Akatoa pini mdomoni, akaniuliza, "Hizo skrubu zako zinakwenda kwenye gwaride?"

Niliendelea kuzinyoosha.

Nasema mapema kwamba mimi ni mtu wa hofu, ili msomaji asije akanitarajia ushujaa. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyonipeleka popote, nikabaki nyumbani. Kazi hii ya redio nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi ya kuazima, na redio mbovu za majirani ambao hawakuwa na cha kupoteza. Aliyefundishwa na fundi hujua kazi imefikia wapi, maana yuko mtu wa kumwambia, "Hapo sawa, acha." Mimi sikuwa na mtu huyo. Kila kiungo nilichokilehemu nilikitilia shaka, nikayeyusha risasi nikakilehemu upya, na mara nyingine cha pili kikawa kibaya kuliko cha kwanza.

Tena mimi ni msichana. Wateja waliingia, wakanikuta nimeshika chuma cha kulehemia kinachofuka moshi, na bado wakamuuliza Shangazi, "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyo," Shangazi alikuwa akijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Au wewe unataka mwenye ndevu?"

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo utotoni mwangu yalikuwa na viberiti, chumvi na rafu tupu, sasa yalijaa vitu mpaka mlangoni. Redio za plastiki kutoka Dubai zilipangwa juu ya mifuko ya saruji, zina taa za rangi zinazocheza hata redio ikiwa haina cha kusema. Watu waliniambia nimechagua kazi inayokufa. Nani atatengeneza kuukuu wakati mpya zipo? Niliamini maneno yao, kwa kuwa mimi huamini haraka kila habari mbaya inayonihusu.

Ndipo akaja dereva mmoja wa lori la mbao. Alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu, aliyehamia Makambako kwa ajili ya kazi ya usafirishaji, na kila akipita Njombe kupakia mbao alipenda kumsalimia Shangazi kwa salamu ya kwetu Ubena.

"Kamwene, mama!"

"Kamwene," Shangazi alijibu, akitazama kitu kikubwa alichokibeba dereva, kimefungwa ndani ya blanketi. "Leo umetuletea jeneza la nani?"

"La Mama Hoteli. Lakini hajafa, amezimia tu. Fundi yupo?"

"Ndiye huyo unayemkanyagia waya."

Dereva akaruka pembeni, akacheka, akaweka mzigo mezani na kufunua blanketi. Sijawahi kuona mashine nzuri vile. Ilikuwa redio na kikuza sauti ndani ya kasha moja, aina ambayo kitabu changu kiliiita risiva. Ubavuni ilikuwa na mbao halisi, usoni bamba la rangi ya fedha, na vitufe vizito vilivyozunguka taratibu kama mlango wa sefu. Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliiuza aliporudi kwao, na tangu hapo ilikuwa ikiimba katika hoteli ya chai na chapati pale Makambako, karibu na maegesho ya malori.

"Mdogo wangu," dereva aliniambia, na uso wake ukaacha utani, "nikueleze ukweli. Huyu mama ni mjane. Hoteli yake ilijaa kwa sababu ya sauti ya hii redio. Sasa ng'ambo ya barabara kuna bwana kafungua hoteli yake, kanunua redio ya Dubai ina mataa kama basi la harusi. Tangu hii inyamaze, madereva wote wako kule. Mwenye nyumba naye ameona. Amemwambia mama kwamba yule bwana anakitaka chumba chake, na yeye hapendi chumba kilale njaa."

"Kwa hiyo?" niliuliza, ingawa nilikwisha kuelewa.

"Kwa hiyo Jumamosi ya wiki ijayo watani wa jadi wanacheza. Redio ikitangaza mpira siku hiyo, watu watarudi. Isipotangaza, mama atafute pa kwenda na masufuria yake."

Nilitaka kusema siwezi. Neno lilikwisha kufika kwenye meno. Shangazi akaniwahi. "Acha hapa," alimwambia dereva. "Ataitengeneza."

Dereva alipoondoka nilimgeukia Shangazi. "Shangazi, mashine kama hii sijawahi hata kuifungua!"

"Basi ifungue."

Ndani yake kulikuwa na mpangilio ulionitia wivu: nyaya zimefungwa kwa uzi kama misuko ya nywele, kila kipande kimesimama wima. Niliiwasha. Taa za kioo zikawaka rangi ya maji ya ziwa, transfoma ikanguruma chini chini, lakini spika hazikutoa hata pumzi. Nikafuata umeme kwa mita ya kupimia, hatua kwa hatua, jinsi kitabu kilivyonifunza. Umeme ulitoka kwenye transfoma, ukapita kwenye kapasita kubwa, ukaingia kwenye transista moja ya chuma yenye umbo la kofia. Upande wa pili wa ile kofia haukutoka. Hiyo ndiyo transista inayoutuliza umeme kabla haujagawiwa sehemu nyingine, na kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka, haikuwa ajabu kwamba imeungua. Nilipima tena. Nikapima kesho yake asubuhi, kana kwamba ingeweza kupona usiku.

Transista ya namna hiyo Njombe haikuwepo. Dereva alipopita tena akienda kushusha mbao Dar es Salaam, nikamwandikia namba ya transista hiyo juu ya ganda la sigara, kisha nikamlazimisha aisome kwa sauti, herufi moja moja.

"Mdogo wangu, hata mke wangu hanihoji hivi," alilalamika.

Aliporudi aliniwekea transista mbili kwenye kiganja. "Mwenye duka kasema siku hizi zinaingia kwa wingi, nikamchukulia na pacha wake. Wewe ni mtu wa wasiwasi. Ukiwa na moja utaogopa kuigusa."

Alinijua upesi mno.

Nikaanza kazi. Ile kofia ilikuwa imefungwa kwa skrubu mbili juu ya pande la alumini lenye mapezi, la kupozea joto. Kati ya kofia na alumini kulikuwa na mika, karatasi ngumu nyembamba inayopitisha mwanga, ya kuzuia umeme usivuje. Na pande zote mbili za ile mika kulikuwa na uchafu mweupe uliokauka, kama uji kwenye kidevu cha mtoto. Kitabu changu kilikuwa kimepoteza kurasa nyingi, na kama uchafu ule ulielezwa humo, ulielezwa kwenye kurasa zilizowashia watu moto. Nilidhani ni gundi iliyozeeka. Nikaifuta. Nilichukua pamba na spiriti nikasugua alumini mpaka ikang'aa, nikaosha mika mpaka ikawa kama kioo cha saa. Nakiri kwamba sehemu hiyo ya kazi niliipenda kuliko zote. Nikaweka transista mpya juu ya usafi ule, nikakaza skrubu taratibu, kwa woga wa kuipasua mika.

Sikuthubutu kuichomeka moja kwa moja ukutani. Huwa napitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida. Kukiwa na hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu badala ya mashine kuungua. Niliwasha. Balbu ikawaka ghafla, kisha ikafifia mpaka uzi wake ukabaki mwekundu kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Halafu, kutoka kwenye spika ya majaribio iliyokuwa imelala juu ya sare za shule, mtangazaji akazungumza kwa sauti nene, karibu sana, kama mtu aliyeketi nasi mezani.

Shangazi aliacha kushona. "Loo," alisema. "Huyu ndiye yule yule wa redio yangu?"

Kwa siku zilizofuata iliimba tangu asubuhi mpaka jioni. Ulikuwa mwezi wa Juni. Njombe mwezi wa Juni, ukungu huingia ndani ukakaa na watu, na Shangazi hukata vitambaa amevaa koti. Tulifungua mlango kwa ajili ya wateja, na upepo ukapita juu ya meza yangu siku nzima. Kila mara niliingiza kidole kwenye kasha na kugusa lile pande la alumini. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilifurahi. Nilijiambia: kazi safi, haipati hata joto.

Shangazi naye hakutaka mashine itoke mikononi mwetu bila pambo. Alishona vazi la redio kwa kitambaa kizito chekundu cha pazia, akatia lesi chini, akaacha wazi uso tu. Lilikaa juu ya kasha bila kunyanzi hata moja. Nyumba gani yenye heshima huacha redio uchi?

Jumamosi ya mpira dereva alinichukua kwenye lori lake, redio nimeipakata. Nilibeba kila kitu: chuma cha kulehemia, mita, balbu, pacha wa transista ndani ya leso. Sikutarajia kuvitumia. Nilivibeba kwa sababu siwezi kutoka nyumbani bila kufikiria mabaya.

Mama Hoteli alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kanga mbili, mikono yake ina unga mpaka kwenye viwiko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama juu mpaka chini na kumgeukia dereva.

"Huyu ndiye fundi? Mbona hajashiba?"

"Mjaribu kwanza, mama."

Redio ikapandishwa mahali pake pa siku zote, juu ya rafu karibu na dari, kando ya mlango wa jikoni. Tuliivika vazi jekundu. Mama aliishika lesi, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwambie shangazi yako amenivalisha bibi arusi."

Mechi ilipokaribia kuanza niliona kwa macho yangu alichokisema dereva. Sauti ile nene ilivuka barabara pamoja na upepo wa Makambako, na watu wakaanza kuvuka upande wetu. Madereva, matingo, wapakiaji wa viazi vya Matamba. Wakakaa kwenye mabenchi, wakasimama ukutani, wakaagiza chai na chapati kwa kupiga kelele. Kwenye meza ya pembeni alikaa mzee mnene mwenye kofia ya kufuma, anakunywa chai bila kuzungumza na mtu. Dereva akaninong'oneza kwamba huyo ndiye mwenye nyumba, amekuja kuona kwa macho yake.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Mama alipita kati ya watu na birika, anacheka, anatania. "Leo nyinyi mmepotea njia? Au kule taa zimewaumiza macho?"

"Mama, sisi tulikwenda kutembea tu, kwetu ni hapa!"

Kipindi cha pili kilipoanza, niliisikia sauti ikikwaruza. Hakuna mwingine aliyeisikia. Ikakwaruza tena. Mtangazaji alikuwa anapanda juu, juu kabisa: anaingia eneo la hatari, anamzunguka beki, anageuka, anapiga...

Kimya.

Sijui kama nimewahi kusikia kimya chenye kelele vile. Kisha wote wakapasuka kwa pamoja. "Imekuwaje? Bao? Ni bao?" Kutoka ng'ambo ya barabara tukasikia watu wakishangilia, na hakuna aliyejua wanashangilia nini. Hapo hapo wakainuka. Walitoka mbio na vikombe vya chai mikononi, chapati mdomoni, wanavuka barabara huku chai inamwagika.

"Vikombe vyangu!" Mama alipiga kelele mlangoni.

"Tutarudi navyo, mama! Acha tujue kwanza kama ni bao!"

Alibaki dereva wangu, amekaa peke yake kwenye benchi refu, kwa huruma nadhani, maana miguu yake ilikuwa inacheza. Alibaki pia mwenye nyumba. Huyo alimaliza chai yake polepole, akasimama, akarekebisha kofia. "Mama," alisema kwa adabu, "nitapita kesho asubuhi tuzungumze."

Alipotoka, nilipanda juu ya kiti nikaishusha redio bila kumtazama mtu usoni. Nikaivua vazi, nikafungua kasha. Hewa ya moto ikanipiga kama nimefungua tanuri. Nikagusa pande la alumini nikitarajia liniunguze. Lilikuwa vuguvugu tu. Nikagusa ile kofia ya transista, na kidole kikanata. Nikakitia mdomoni. Vitu viwili vimefungwa pamoja kwa skrubu, kimoja kinaunguza na kingine vuguvugu. Nilipima kwa mita: transista imekufa, kama ya kwanza. Machozi yalinitoka. Njombe iliimba siku nzima. Kuna nini Makambako?

"Umekula?" Mama aliniuliza.

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Nimekuuliza umekula."

"Sijala."

"Njoo jikoni basi. Mwenye nyumba amesema asubuhi. Hakusema sasa."

Jikoni kulikuwa na joto la majiko mawili ya mkaa, na nikatambua kwamba joto hilo lote hupanda na kutoka kwa mlango ule ule uliokuwa na redio yetu kando yake, na redio imevikwa pazia zito lililoziba matundu yake ya kupumulia. Hilo lilikuwa sehemu ya jibu. Lakini halikueleza kwa nini alumini ilikuwa vuguvugu.

Mama alikuwa anageuza chapati. Sufuria ya chai ikaanza kufurika, naye mikono imejaa. "Ipua hiyo, mwanangu!" Nikanyakua kitambaa kilichokuwa karibu, nikashika ukingo wa sufuria.

"Siyo hicho, kibichi hicho!"

Nilikwisha kushika. Joto lilipita kwenye kile kitambaa kama hakipo. Nikaachia, chai ikamwagikia mkaa, moshi ukajaa.

"Hee! Kwenu Njombe mnaipua kwa kitambaa kibichi?" Mama alinivuta mkono na kuutia kwenye ndoo ya maji. "Kikavu kinazuia moto. Kibichi kinaupitisha. Mtoto wa kike hujui?"

Nilijua. Kila aliyepika anajua. Nilisimama na mkono ndani ya ndoo, na akili yangu ikaenda kwenye ule uji mweupe niliousugua kwa pamba na spiriti kwa furaha kubwa. Haukuwa gundi. Haukuwa uchafu. Ulikuwa ubichi wa kile kitambaa: ulijaza nafasi kati ya kofia na alumini ili joto lipate njia ya kutoka. Mimi niliukausha. Nikaacha kofia imekalia mika kavu, tena kwa skrubu nilizoogopa kuzikaza, nayo ikajipika kwa joto lake yenyewe. Na lile pande baridi lililonifurahisha Njombe lilikuwa linaniambia hivyo hivyo kila nilipoligusa. Baridi ya Juni na upepo wa mlangoni viliibeba mashine yangu mgongoni, nami nikadhani inatembea.

"Mama," nilisema, "nimejua."

"Umejua nini?"

"Ni mimi. Nilisafisha kupita kiasi."

Mama akacheka mpaka akaweka chini kijiko. "Basi hilo kosa hapa Makambako hatujawahi kuliona."

Transista nilikuwa nayo, ndani ya leso. Kilichokosekana ni ule uji. Dereva akanipeleka kwa mtu aliyechaji betri za malori nyuma ya maegesho, ambaye kibanda chake kilijaa mizoga ya mashine. Nilipekua mpaka nikapata kikuza sauti kibovu chenye transista za kofia. Nikazifungua. Uji mweupe ulikuwepo, mwingi, bado laini katikati.

"Unachukua transista?" aliniuliza mwenye betri.

"Hapana. Nakwangua huu weupe."

Alinitazama, kisha akamtazama dereva. "Umemtoa wapi huyu? Katika vitu vyote vya kibanda changu, yeye ameomba uchafu."

"Mpe," alisema dereva. "Ana shida zake."

Nilirudi na uji wangu kwenye kifuniko cha dawa ya meno. Mama alikuwa anatandika mkeka wake nyuma kwa swala ya magharibi. Nilikaa kwenye meza iliyo karibu na mlango, nikapaka mika pande zote mbili, nyembamba, kama mtu anayepaka siagi ya kuazima. Nikaweka kofia. Safari hii nilikaza skrubu mpaka zikagoma. Mika haikupasuka. Nililehemu miguu yake, na viungo havikuwa vizuri kama vile nilivyotengeneza Njombe, kwa kuwa kidole kiliuma. Nikaviacha.

Dereva aligongomea rafu mpya ukuta wa mbele, kando ya mlango wa barabarani, ambako upepo hupita mchana na usiku. Balbu ikawaka ghafla, ikafifia. Mtangazaji alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu kwamba tulitabasamu.

Baada ya muda niligusa alumini. Ilikuwa ya moto. Moto wa kuvumilika, uliosambaa mpaka kwenye mapezi. Niliacha mkono wangu pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Vazi jekundu Mama alilifunikia chombo cha maandazi. Aliniahidi kwamba Shangazi akiuliza, yeye mwenyewe atajibu.

Madereva walirejesha vikombe wakiwa bado wanabishana juu ya penalti, na ubishi huo ukawakalisha. Taarifa ya habari ilipoanza walinyamaza wote, kisha wakaagiza chakula. Haikuwa halaiki ya mchana. Benchi moja lilikuwa tupu, na Mama alilitazama mara nyingi.

Asubuhi mwenye nyumba alikuja kama alivyoahidi. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha nyuma pamoja na Mama, na tangu alfajiri redio ilikuwa wazi. Mzee aliketi, akaagiza chai, akasikiliza. Kulikuwa na madereva kadhaa wanaokunywa supu kabla ya safari ya Songea.

"Jana ilizimika," alisema.

"Na jana hiyo hiyo ikazinduka," Mama alijibu.

Alikunywa kidogo. "Basi yule bwana nitamwambia asubiri."

"Asubiri mpaka lini, baba?"

"Mpaka inyamaze tena."

Wote wawili wakanitazama. Nilitaka kueleza habari za kofia, mika na uji mweupe, ili wajue mipaka ya ninachokijua. Badala yake nikasema, "Kwa joto haitanyamaza. Kwa mengine, nitakuja kuiangalia kila Jumamosi."

"Sawa," mzee alisema, akaomba andazi.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Makambako na mkoba wangu. Redio ilikuwa inaimba, na lile benchi tupu lilikuwa limekaliwa na kondakta aliyelala usingizi. Mama alikuwa ameniwekea meza ndogo kando ya mlango, na juu yake tayari kulikuwa na redio ya lori imefungwa ndani ya kanga. Mwenyewe, kijana wa Tukuyu, alisimama hapo anangoja.

"Dada fundi, hii inakatika katika. Nikiwa nimesimama inaimba vizuri tu. Nikiingia barabara mbovu inanikatia."

Nilitoa mita, nikakunjua kanga. Kisha nikaikunja tena.

"Lori lako liko wapi?"

"Pale. Kwani huipimi hapa mezani?"

"Hapa mezani itaimba. Irudishe mahali pake, uwashe injini, tuzunguke nayo mpaka ikatike."

Kijana akamtazama Mama Hoteli, kama vile anauliza iwapo mimi ni mzima. Mama alikuwa anamimina chai. "Fanya anavyokuambia," alisema, "na usimcheleweshe, bado hajala."